Poda ya Ushindi Kichwani mwa Mama Mkwe

Wazazi wenzangu wa kundi hili, leo nimemmwagia mama mkwe wangu sabuni ya unga kichwani, mbele ya majirani, na mvua ikamnyeshea hapohapo.

Nimelisema wazi kwa sababu wengine wenu mmeshaiona video. Naiona inavyozunguka. Wameipa maneno ya juu ambayo si ya kweli: "Papa anaosha mama mkwe wake." Sikumwosha. Nilikuwa nampongeza. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na naomba mnisikilize niyaeleze kwa mpangilio. Mimi ndiye ninayewaandikia hapa kila asubuhi ushauri wa kufundisha watoto nyumbani. Sikubali kazi yangu yote ichukuliwe na povu.

Turudi nyuma kidogo.

Tangu shule ya watoto wangu ilipofunga milango, nawafundisha mwenyewe hapa nyumbani, mtaa wa Mapendo, Goma. Mke wangu anauza vitenge soko la Birere. Mimi kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, na naifanyia mezani kwangu, kwa hiyo mwalimu ni mimi. Wanafunzi ni wawili: Masika, mwenye miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Muhindo, mwenye miaka saba. Kengele yetu ni rimu ya gari niliyoitundika kwenye mti wa avoka. Sare wanavaa. Mstari wanapiga kabla ya kuingia sebuleni. (Ndiyo, watu wawili wanaweza kupiga mstari. Mmoja anakaa mbele.) Asiyeitwa haongei. Anayetaka kusema anyooshe mkono, angoje.

Katika ushauri wangu wote, mliopenda zaidi ni ule wa makopo. Nilisema hivi: kusanya makopo ya maziwa ya unga, yote ya ukubwa mmoja, uyatoe karatasi zake, uyapange jikoni kwenye ubao. Kisha mtoto aandike majina mwenyewe na kuyabandika. SUKARI. CHUMVI. SABUNI. PODA. Kila unapomtuma, anasoma. Mlinipigia makofi. Mama mmoja wa Himbi aliandika kwamba jiko lake sasa linafanana na duka la dawa. Niliwaambia pia: mpe mtoto mkubwa kazi ya kumpima mdogo, atajifunza mara mbili.

Ni ushauri mzuri. Hata sasa, nikiwa na harufu ya sabuni hadi kwenye soksi, nasema ni mzuri.

Sasa mama mkwe. Alifika majuzi kutoka Butembo, na safari hiyo siku hizi ni ngumu, mtu haifanyi kwa matembezi tu. Alishuka na mabegi mawili makubwa. Moja lilikuwa la nguo zake. La pili lilikuwa tupu. Nililibeba mwenyewe kutoka barabarani, nikashangaa wepesi wake, nikadhani ni mikate. Kumbe lilikuwa la nguo za wajukuu. Alikuwa ameshawatafutia nafasi kwenye shule ya masista kule kwao, na alikuja kuwachukua.

"Mutoto anasomaka mu darasa," aliniambia jioni ileile, taratibu, akitazama ukuta, maana kwa desturi mkwe na mama mkwe hatutazamani usoni. "Hapana mu jikoni, Papa Masika."

Mke wangu alisema yeye haingii kati ya mume na mama. (Aliingia jikoni.) Nikabaki peke yangu. Nikamwambia mama mkwe: tufanye mtihani, uulize wewe mwenyewe, kisha tutangaze matokeo hadharani kama shule nyingine. Watoto wakianguka, nguo zao nitazikunja mimi kwa mikono yangu. Akajibu neno moja.

"Nitaona."

Mtihani ulikuwa leo.

Asubuhi Masika alimpelekea bibi yake chai aliyoiandaa mama yake. Mimi yangu nakunywa bila sukari, kwa hiyo sikujua lolote. Mama mkwe akaonja, akashusha kikombe, akaniuliza kwa adabu kubwa: "Huku Goma chai munatiyaka chumvi?"

Mtu mwenye akili angeenda kuonja. Mimi nilianza kueleza. Nikamwambia maji ya huku yana ladha yake, kuna ziwa, kuna volkano, mgeni anasikia tofauti siku za mwanzo. Nilieleza vizuri sana. Yeye alisikiliza, na akakimaliza kikombe chote. (Mwanamke mwenye heshima kiasi hicho. Na tazameni alivyolipwa.)

Nilipokuwa napiga pasi shati la kutangazia matokeo, Masika akaja mlangoni.

"Papa, ile makopo ya jikoni..."

"Masika, asubuhi ya mtihani mwanafunzi haongei na directeur."

Directeur, yaani mkuu wa shule, ni mimi. Mke wangu, ambaye alikuwa anatoka kwenda sokoni, alisimama, akanitazama kuanzia kwenye pasi hadi kwenye miguu, akaenda zake bila kuaga.

Tulikaa uani. Nilimwalika jirani yetu, Mama Furaha, na watoto wake, kwa sababu kutangaza matokeo bila watu wa kusikia ni kuongea tu. Wengine hawakualikwa, walining'inia juu ya ukuta wa mawe ya volkano. Sikuwafukuza. Nilitaka mashahidi. Mungu ana namna yake ya kutupatia tunachoomba.

Mama mkwe alianza na Masika. Alimwambia ana gunia la maharagi, robo amekula, na nusu ya kilichobaki ameuza. Amebakiwa na kiasi gani?

"Trois huitièmes, Koko," Masika akamjibu bibi yake, yaani sehemu tatu kwa nane, kama mtu anayetaja jina lake.

Nilimwona mama mkwe akihesabu kwa vidole chini ya kitenge. Akalifikia jibu lilelile. Akatikisa kichwa kukubali.

Ikaja zamu ya Muhindo. Nilikuwa nimemwandalia kitabu, lakini mama mkwe alikisukuma pembeni. Alisema kitabu cha nyumbani mtoto anaweza kukishika kichwani. Akamtuma Muhindo jikoni peke yake: aende akalete kopo la poda, ile ambayo tungeitumia kusherehekea.

Muhindo alikawia huko. Masika, aliyekaa karibu nami, akanyoosha mkono. Nikamfanyia ishara aushushe. Akaushusha nusu.

Muhindo akarudi amekumbatia kopo. Mama mkwe akavaa miwani, akaligeuza, akasoma karatasi iliyobandikwa: PODA. Kisha kwa mara ya kwanza tangu afike, alicheka.

"Huyu mutoto anasoma kweli," alisema.

Wazazi wenzangu, hapo nilikuwa nimeshinda. Naomba mliandike mahali. Nilikuwa nimeshinda kwa haki.

Nikasimama, nikakohoa, nikatangaza. Masika: soixante-dix-huit pour cent, sabini na nane kwa mia, wa kwanza. Muhindo: soixante et un pour cent, sitini na moja kwa mia, wa pili. (Wa pili kati ya wawili, ndiyo, lakini amefaulu.) Watu wa ukutani wakapiga vigelegele. Na mnajua desturi yetu: mtoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani, anatembea mweupe siku nzima ili mtaa wote ujue. Nikaanza na Muhindo, kidogo. Nikafuata Masika, kidogo. Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Nilidhani ni furaha.

Ndipo mama mkwe akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaniinamia.

"Na mimi munipake. Mama yao, ni nani alimuzaa?"

Wenye wakwe mtanielewa. Kichwa cha mama mkwe si mahali pa mkono wa mkwe. Lakini kukataa mbele ya watu kungekuwa tusi lingine. Mama Furaha akapaza sauti: "Papa Masika, usiogope, leo ni siku ya furaha!" Nikatafuta njia ya katikati, njia ya heshima: nimwage bila kugusa. Nikapanda juu ya kiti, nikainua kopo, nikamimina kutoka mbali.

Ndiyo sababu ilikuwa nyingi. Watu wanaouliza kwa nini nilimwaga kopo zima, jibu ni heshima.

Niliona chembechembe za bluu zikishuka. Sitadanganya, niliziona. Nilisema moyoni, kumbe mke wangu siku hizi ananunua poda nzuri.

Mvua ya Goma haipigi hodi. Ilishuka kutoka upande wa mlima Nyiragongo kwa mkupuo mmoja, na watu wakakimbilia chini ya bati. Mama mkwe hakukimbia. Alikuwa anacheza. Alipitisha kiganja kichwani ajipanguse, na kiganja kikatoka na kitu cheupe, laini, kinachokua. Akapangusa tena. Kikaongezeka. Kikamshukia kwenye masikio, kikafunika miwani.

"Mukwe," akasema, na sauti yake ilikuwa bado ya upole, "hii poda yenu inaniuma macho."

Muhindo akalamba kidole chake.

"Koko, ni sabuni."

Sasa sikilizeni ushauri wangu mwingine ulivyonigeukia. Niliwaambia kuchota maji ni somo la gymnastique, mazoezi ya viungo, watoto wachote kila asubuhi. Lakini siku ya mtihani gymnastique hakuna. Kwa hiyo bidoni zote za maji zilikuwa tupu. Maji pekee yaliyokuwepo ni yale yaliyokuwa yanamwagika kutoka kwenye mfereji wa bati, na ilibidi nimwombe mama mkwe, mwanamke aliyelea watoto wanane na kumzika mume, asimame chini yake kama mboga. Mimi nilimshikia kitambaa. Kila maji yalivyozidi, povu lilizidi. Lilishuka uani, likapita chini ya lango, likatoka njiani. Watoto wa Mama Furaha walikuja kulichezea, wakidhani ndiyo sherehe yenyewe.

Na Mama Furaha? Alikuwa na mwavuli. Mwavuli mzima, mkubwa, wa rangi tatu. Mtu mwingine angeukimbiza kwa mama wa watu. Yeye aliufungua juu ya simu yake ili isilowe, akaendelea kupiga video. Jirani niliyemwalika mwenyewe! Nimemwandikia aifute. Amejibu kwamba hawezi kuifuta kwenye simu za watu wote.

Katikati ya hayo nikamwona Masika amesimama kwenye mvua, mwanafunzi mwema, mkono bado juu.

"Sema," nikamwambia.

"Papa, nilibadilisha karatasi za makopo. Muhindo hakuwa anasoma, alikuwa anajua kila kopo kwa fasi yake pale kwa ubao. Nikachanganya majina nimupime kama atasoma kweli." Akaushusha mkono. "Nilikuja kukuambia asubuhi."

Kila mtu alikuwa anafanya hesabu yake. Kwa hiyo Muhindo amesoma kweli. Kwa hiyo mtihani ulikuwa mzuri kuliko tulivyojua. Kwa hiyo mtu pekee aliyeanguka...

Mama mkwe, macho yamefungwa, maji yakimpiga utosini, akasema maneno mawili tu. La kwanza: "Basi ile chai ilikuwa chumvi." La pili: "Kumbe mwalimu wa hii nyumba ni Masika."

Nimeligeuza hilo la pili kila upande. Kama mwalimu ni Masika, je, Masika anabaki hapa afundishe? Au mwalimu mzuri namna hiyo haachwi mikononi mwa baba wa namna hii?

Kabla sijapata nafasi ya kumpigia mke wangu, yeye akapiga. Nyuma yake nilisikia soko zima linacheka.

"Papa Masika, umeosha mama yangu mbele ya batu?"

Nikamwambia sikumwosha. Akakata.

Kwa hiyo nasema na ninyi. Kwanza, aliyeuliza humu ndani ni sabuni ya aina gani hiyo yenye povu zuri, swali lake silijibu. Pili, aliyeweka kile kicheko cha machozi mara kumi na mbili, nakujua, na wewe makopo yako yote ni ya ukubwa mmoja kwa ushauri wangu, chunga. Tatu, ushauri wangu unabaki wote kama ulivyo. Naongeza kifungu kimoja tu: mtoto akinyoosha mkono, mwite.

Mama mkwe amekwisha kujisuuza. Yuko chumbani. Aliomba chai nyingine, na kabla ya kunywa alimpa Muhindo aonje. Kisha akawaita watoto wote wawili ndani na kufunga mlango. Mimi niko sebuleni, kopo mkononi. Wanaongea Kinande, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na mara moja Masika amecheka.

Sasa hivi nimesikia zipu ya begi. Ni ndefu, kwa hiyo ni ya moja ya yale mabegi mawili makubwa. Lakini begi lake na lile la nguo za wajukuu yanafanana, na zipu, ikifunguliwa au ikifungwa, inalia vilevile.