Mashine ya Msasa ya Constantine Mahona

Enzi zile za soko huria, kila mwenye ulimi alijiita mfanyabiashara. Bariadi ilijaa mitumba, redio na wanunuzi binafsi wa pamba waliokuja na mizani yao. Constantine Mahona naye akaja, kutoka Mwanza, na mashine mbili zilizofunikwa turubai. Moja ilikuwa nzima. Nyingine tutaisema.

Alimwona Masunga mnadani, amechuchumaa nyuma ya wachoma nyama, anasugua kisu kwenye jiwe. Kisu chenyewe kilikuwa cha springi ya gari, alichokifua mwenyewe nyumbani kwake, upande wa Migato. Asubuhi alikuwa anasugua, na mchana alikuwa bado anasugua, jasho likimdondoka puani. Wachinjaji wanne wamemsimamia wanasubiri, maana visu vya dukani vilikuwa vinakunjika kwenye mfupa wa kwanza. Constantine aliwatazama wale wateja, akalitazama lile jiwe, akampenda Masunga kwa moyo wake wote.

"Pole ndugu yangu. Hilo jiwe ulilikosea nini mpaka likuadhibu hivyo?"

"Ndiyo kazi nimeanza," Masunga akasema. "Kufua naweza. Kulainisha ndiko kunaniua."

"Wewe unahitaji mashine ya msasa! Mkanda unazunguka, unagusisha kisu, kinang'aa. Kabla hujamaliza kukohoa umeuza."

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, Constantine alishusha mashine zake uani kwa Masunga. Akaanza somo, na kusema kweli lilikuwa somo zuri, maana tapeli mzuri husema ukweli mwingi kabla ya kufika kwenye uongo wake.

"Usikimbilie ya umeme, hapa umeme hamna. Chukua ya kukanyaga kama cherehani. Tazama mkanda: mfupi unachemka upesi, unaharibu chuma. Tazama magurudumu yawe ya chuma, na beringi. Tazama mgongo wa msasa uwe wa kitambaa, karatasi inachanika."

"Basi nataka hii," Masunga akasema, mkono juu ya ile nzima.

"Ah! Hiyo kuna bwana mmoja wa Maswa kashaichukua. Na wewe ndiyo unaanza, bwana. Mtu anayeanza anachukua hii ndogo, ya bei nafuu. Ukiiharibu hutalia sana."

Ile ndogo ilikuwa na magurudumu ya mbao na msasa wa karatasi uliounganishwa kwa uji wa unga wa ngano. Ilikuwa na uwezo wa kunoa kisu kimoja, na Constantine alihakikisha kisu hicho ni cha maonyesho. Kilipong'aa, Masunga alikaribia kulia. Pesa hakuwa nayo, ila alikuwa na maksai wawili wa jembe, Bwana Shamba na Karani. Akaingia zizini kumfungua Bwana Shamba.

Hapo ndipo Kija, mkewe, alipotokea na ndoo ya maji kichwani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na shamba lao la pamba halijaguswa. Maksai mmoja halimi. Akiondoka Bwana Shamba, mwaka huo hakuna pamba, na bila pamba hakuna chochote.

"Mwangaluka mayu," Constantine akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kwa adabu zote.

"Mwangaluka, baba." Kija akatua ndoo. Akalowesha kidole, akakipitisha kwenye kiungo cha msasa wa ile mashine ndogo, akakinusa. Unga. Moyo ulimwaka, lakini uso wake ulibaki vilevile. "Huyo maksai ni mzuri, ila amemzoea mwenzake. Peke yake hatembei. Unajua ng'ombe wewe?"

"Mimi? Mimi ni Msukuma, mayu! Ng'ombe nimezaliwa nao!"

Alikuwa amezaliwa Kirumba, katikati ya mji wa Mwanza, nyuma ya duka la vyerehani.

"Basi wachukue wote wawili," Kija akasema. "Utuachie mashine ile kubwa."

Masunga akaruka. "Mke wangu! Tutalima na nini?"

"Wewe shika mashine yako."

Maksai wawili! Constantine alimsahau yule bwana wa Maswa palepale, kwa kuwa hata hivyo alikuwa hajazaliwa. Wakashikana mikono mbele ya jirani yao Apolonia, na Constantine akaondoka na kamba mbili kuelekea mnadani, anapiga mluzi.

Sasa, maksai wa jembe ana saa yake kichwani. Analima asubuhi, jua likianza kuchoma anafunguliwa, anarudi nyumbani kula. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuna mtu wa Kirumba atakayembadilisha. Jua lilipopanda, Bwana Shamba na Karani walisimama katikati ya njia, wakageuka pamoja kama wamekubaliana, wakaanza safari ya kurudi. Constantine aliwavuta. Akawatukana kwa Kiswahili, akakumbuka, akawatukana kwa Kisukuma. Sehemu moja yenye tope alipita kwa tumbo.

Kija alimpokea kwa huruma kubwa. "Karibu baba. Ng'ombe wako wamefika salama. Wachukue tu."

Aliwachukua kesho yake. Jua likapanda, wakarudi. Kuajiri mtu amswagie ng'ombe ilikuwa aibu. Msukuma gani huyo? Kila alipoingia uani aliikuta mashine yake ya zamani inanguruma, Masunga anakanyaga, wachinjaji wamekaa kwenye magogo wanangoja visu.

"Tatizo hawakujui," Kija akamwambia. "Maksai anamfuata anayelima naye. Lima nao hapa kwetu siku chache. Watakufuata mpaka Mwanza bila kamba."

Mtu aliyeishi kwa ulimi miaka yote hakushtuka alipodanganywa kwa ulimi wa mwenzake. Akashika jembe. Akalima. Mikono ikatoka malengelenge, mgongo ukagoma, suruali yake ya mtumba ikapasuka makalioni. Wapita njia walimsifu: huyu kijana wa mjini anafanya kazi jamani! Na yeye, mjinga mwenzangu, alifurahi.

Siku mstari wa mwisho wa jembe ulipofika mpakani, maksai walisimama wenyewe, jua lilikuwa limepanda. Constantine aliligeukia shamba lote lililolimwa. Akaisikia ile mashine uani. Akawatazama Bwana Shamba na Karani, ambao walikuwa wameshageuza vichwa kuelekea nyumbani kwa Kija. Kitu kikamwingia akilini polepole, kikakaa. Akaketi kwenye udongo.

Kija akaja na kibuyu cha uji.

"Kunywa, baba, umefanya kazi," akasema. "Leo pumzika. Kesho mnaanza shamba la Apolonia, nimeshamwahidi."