Kanuni Iliyomfisha Bi Harusi

Karakana ya Mbao za Maua,
Medan.

Kwa mwanangu Mangatur, Fundi wa Mfumo,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KANUNI ZAKO ZA KUBADILI MANENO

Pokea salamu za heshima, ingawa tangu Jumamosi silali vizuri.

Kile kiunganishi cha mtandaoni ulichotujengea kilianza na adabu. Mteja aliandika pongezi au rambirambi, maneno yakatufikia vilevile, nasi tukayabandika kwenye ubao wa maua, ule unaosimamishwa penye harusi au msiba. Kisha ukakiongezea kanuni. Ukaniambia, "Shangazi, tulia, maandishi yatajirekebisha yenyewe." Nilitulia. Sasa nalalamika.

1. Kanuni ya kwanza hukuza herufi zote. Hata rambirambi siku hizi zinapiga kelele.

2. Ya pili hufuta alama zinazojirudia. Mzee Sihol alimwandikia mkewe "Nakupenda!!!" ikatoka alama moja. Mkewe kanuna, anauliza hizo mbili kampa nani.

3. Ya tatu ndiyo balaa. Uliiagiza kwamba ikikuta "alm", kile kifupi cha almarhum tunachowawekea marehemu, iandike neno zima. Ikakikuta tumboni mwa jina la bi harusi, Salmina. Ubao ukasimama mlangoni mwa ukumbi: HONGERA SALMARHUMINA.

Nyanya yake alisoma, akaangua kilio: "Mjukuu wangu jamani! Jana tu nimempikia samaki!" Wageni wakakipokea kilio. Wapiga ngoma nao wakahamia mdundo wa msiba. Bi harusi akatoka na shela lake: "Nyanya, mimi hapa, na nina njaa!" Mama mmoja akazimia, akidhani ni mzimu.

4. Nami nilikuwepo, nikila. Wote walinigeukia.

Hivyo naomba kwa unyenyekevu ufute kanuni zote, watu waachiwe makosa yao, nawe uje uandike mbao zetu kwa mkono, juu ya ngazi, mvua ikinyesha.

Msalimie mkeo, watoto, majirani, na hiyo mashine, ijapokuwa haistahili.

Ni mimi shangazi yako mwenye uchungu,
Tiurma

N.B. Usifute kitu kwanza. Baba wa Salmina, aliyeapa kutokanyaga harusi ile, alitumiwa picha ya ubao kwenye simu. Alikuja mbio na kandambili moja, akamkuta bintiye anatafuna. Alimkumbatia hadi shela likachanika, akamfunika ulos, ile shuka ya baraka za mzazi, kwa mkono wake mwenyewe. Sasa mdogo wake Salmina anaolewa mwezi ujao, na baba yao kanuna tena. Binti anaitwa Rosmida. Mtafutie kanuni itakayomfaa.