Senene wa Dirishani

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo tena! Wateja wote kwa Nancy, msusi wa ng'ambo ya barabara. Ana baraza pana, viti vya plastiki, juisi ya pasheni. Mimi, Kokubanza, msusi bora wa Nshamba, nimeshinda nikichana wigi la maonyesho. Mwezi ukiisha hivi, saluni naifunga.

Lakini nina kompyuta. Na nina mafunzo ya Mwalimu Lilian kule Bukoba, ya kuandika programu zinazochora na kutoa sauti. Mpango: televisheni dirishani, kamera juu yake. Mtu akipita, picha inamwitikia. Atashangaa, ataingia, atasukwa. Rahisi!

Jumanne, 6 Mei
Nimechagua senene, panzi wetu watamu wa kuliwa. Nani Muleba hii atawapita senene bila kusimama, tena si msimu wao? Nimeandika programu tangu asubuhi. Jaribio la kwanza: niliinua mkono wa kulia, wakakimbilia kushoto, wakarundikana kwenye kona ya skrini kama wanagombea mlango. Mama mkwe, Mama Anatolia, alileta ndizi akanikuta. Akasema nimeacha kazi nacheza na wadudu. Nikamwambia asubiri.

Jumatano, 7 Mei
Imekubali!

Niliinua mkono taratibu. Kundi zima, kijani na kahawia, likainuka nao. Na sauti! Nilirekodi enanga, kinanda chetu cha nyuzi, ya Mzee Rutaihwa wa Buganguzi. Mkono ukipanda, uzi unalia juu, ukishuka unanguruma. Niliposhusha, senene wakatua begani kwangu. Yaani kwenye bega la picha yangu. Nikalipapasa bega kumtafuta mdudu! Mimi niliyeandika kila mstari, ninayejua kwamba ndani yake ni namba tu.

Mama Anatolia aliingia, akatua mkungu chini. Akainua mikono yote miwili. Akasimama hivyo, kama yuko kanisani.

"Waitu, jamani," akasema, "wanajuaje kwamba niko hapa?"

Nikaanza kumweleza habari za kamera. Nikaacha. Maelezo yalikuwa madogo kuliko kitu chenyewe.

Alhamisi, 8 Mei
Uzinduzi. Umati! Wabeba kahawa walitua magunia. Georgina muuza nyanya alitaka kuwakamata senene kwa kitenge. Dereva wa bodaboda aliuliza msimu umeanza lini.

Halafu balaa. Ukisimama karibu, kioo kinameremeta kwa jua, huoni kitu. Ukirudi nyuma kidogo, bado. Mahali pazuri kuliko pote pa kuchezea? Baraza la Nancy! Wote wakahamia huko. Wakakalia viti vyake, wakanywa juisi yake, na wakati wa kungoja zamu wakasukwa. Kwangu aliingia mtu mmoja tu. Aliomba niongeze sauti, wasikie vizuri kule kwa Nancy.

Nikaongeza. Mjinga mimi, nikaongeza!

Ijumaa, 9 Mei
Nimezima kila kitu. Watu wamenuna, Mama Anatolia kuliko wote.

Mchana Nancy mwenyewe akavuka barabara. Nikajiandaa kwa ugomvi. Kumbe alikuja kuomba, kwa sauti ndogo, naye ajaribu. Jana nzima mikono yake ilikuwa kwenye vichwa vya watu, hakupata zamu.

Nikawasha. Akainua mkono. Nami nikainua wangu, kumwelekeza tu. Makundi mawili yakaruka, yakakutana katikati, yakawa wingu moja linalozunguka, na nyuzi mbili za enanga zikaitikiana. Sikuwahi kuliona hilo! Programu niliiandika mwenyewe, lakini siku zote nilikuwa naijaribu peke yangu. Nancy alicheka huku analia. Mimi macho yaliingiwa na vumbi.

Akapendekeza tushirikiane: watu watazame kwake, wasukwe kwetu sote, zamu kwa zamu. Nikakubali. Tukapeana mikono. Ni mwanamke mwema, Nancy. Sikutegemea kuyaandika maneno haya.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeamka na moyo mweupe. Urafiki umeishinda biashara. Saa hizi naongeza kitu kidogo tu, cha kiufundi, Nancy hana haja ya kusumbuliwa nacho: senene watue tu kwenye vichwa nilivyosuka mimi.

Nimemsimamisha mteja wangu wa kwanza mbele ya kamera. Wamempita kichwani, wakatua wote kwenye mkia wa jogoo wa jirani aliyekuwa akipita nyuma yake. Jogoo akatembea, nao wakatembea naye, wakimetameta. Waitu, wamependeza! Nimewatazama mpaka chai ikapoa.

Narekebisha.