Kitufe Kilicho Chini ya Bega

Jumatatu, 3 Juni

Yokasta, binti wa mazoezi ya viungo pale kliniki, ameniagiza niandike kila siku mkono wangu wa kulia umefanya nini. Daftari lake ni la kijani, limejaa sifa. Hili jeusi ni langu, humu nasema kweli. Kweli ya leo: mkono haujafanya kitu.

Miezi minne tangu kiharusi. Mguu unaburuta kidogo. Mdomo umenyooka. Ulimi una nguvu zake zote, na mke wangu Zunilda anasema ungepooza huo angalau nyumba ingetulia. Mkono ndio umegoma. Vidole vimejikunja, havisikii la mtu.

Na Jumapili ni mashindano ya dhumna ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio! Miaka ishirini na miwili nimeketi mkabala na Nandito, timu moja, hapahapa mjini Baní. Mezani kwetu kete hushikwa kwa mkono wa kushoto na kupigwa kwa wa kulia, tena ipigwe meza ilie. Anayeilaza taratibu huulizwa kama ametaga yai. Leo Nandito kaja, macho chini. Kasema ndugu yangu Eligio, nakupenda, lakini kama Jumapili huwezi kupiga, kwenye kiti chako ataketi Bolo. Bolo! Shemeji yake! Mtu anayehesabu nukta za kete kwa kidole!

Jumanne, 4 Juni

Kliniki. Yokasta kanivika glovu nene ya jikoni mkono wa kushoto, ule mzima, ili wa kulia ukose pa kukimbilia. Muda wa saa sita kila siku. Mchana nimekula ndizi za kuponda kwa mkono wa kulia. Baadhi zimefika mdomoni.

Kisha ajabu! Kaniwekea kiganja kimoja mgongoni, chini ya bega, kingine kwenye kiwiko. Akangoja. Hakuvuta, hakusukuma. Kaniambia niitazame kete na niitake. Vidole vikafunguka! Polepole, kimoja baada ya kingine, vikaenda vikaishika! Sijawahi kuutazama mkono wangu kwa hamu namna ile. Alipoondoa viganja, vikafunga duka.

Nimemuuliza kabonyeza wapi. Kacheka. "Baba, hakuna kitufe. Kazi unaifanya wewe, mimi nakusindikiza tu." Hivyo hasa ndivyo angesema mtu anayeficha kitufe.

Jumatano, 5 Juni

Upelelezi. Nimejifanya nasinzia kwenye benchi, jicho moja wazi, Yokasta akimshughulikia mzee Ercilio, tarishi mstaafu, mgonjwa wa kiharusi kama mimi. Nimeona kila kitu. Kidole gumba: vidole vitatu chini ya mfupa wa bega, viwili kutoka uti wa mgongo. Nimechora ramani nyuma ya cheti cha daktari.

Yokasta alipotoka kupokea simu, nimemwendea Ercilio kuhakikisha. Nikabonyeza. Kumbe ana mtekenyo! Kapiga ukelele, kateleza kutoka kwenye ule mpira mkubwa wanaotukalisha, kaketi sakafuni akicheka hadi machozi. Mkono haukufunguka. Kiatu kiliruka, lakini sijui nikiandike upande gani wa hesabu.

Yokasta kauliza kumetokea nini. Nimesema Ercilio ni mtu wa furaha. Glovu sasa ni saa nane kwa siku.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemfundisha Zunilda. Kaniwekea alama mgongoni kwa wanja wa nyusi, kufuata ramani. Kabonyeza mara thelathini. Kimya. Kauliza kama mimi ni kengele ya mlango. Kasema ana maharagwe jikoni, na kwamba alionywa kunihusu na mama yake mzazi. Mimi nacheka, nainyemelea kete iliyo mbele yangu, na paf! Vidole vimefunguka!

Tumekipata! Zunilda anadai wakati ule alikuwa ameondoa kidole ajikune pua. Hajui anachokifanya. Ndivyo walivyo wenye kipaji.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepita kwa Nandito. Bolo kaketi kwenye kiti changu. Anapiga kete hadi vikombe vinaruka. Kaniambia, "Shikamoo, mzee. Kesho njoo utushangilie, tutakutafutia kivuli." Mzee! Tumepishana miaka miwili!

Sikula. Zunilda kauliza nina nini, nikasema joto. Si joto. Naogopa. Watu watanizoea nikiwa pembeni, watanipa kivuli na juisi, na miaka ishirini na miwili itakwisha hivyohivyo.

Jumapili, 9 Juni

Mashindano ni nyumbani kwa Nandito; nimemwapia naweza kupiga, kanirudishia kiti, Bolo angoje pembeni. Mpango: Zunilda agawe kahawa, kisha asimame nyuma yangu na kubonyeza kila zamu yangu ikifika. Rahisi.

Kagawa vizuri. Kaizunguka meza yote, kamsalimia kila mtu, kaja nyuma yangu. Kabonyeza, nikapiga. Si kwa kishindo, lakini nimepiga! Mara ya pili pia. Mara ya tatu Bolo karuka. "Wezi! Mama kazunguka na sinia kachungulia kete za kila mtu, sasa anambonyeza mumewe! Akibonyeza mara moja, piga tatu; mara mbili, piga tano!"

Kelele! Wapinzani wetu wawili wamesimama. Nimeeleza kuhusu kitufe. Hakuna aliyenisaidia, hata Nandito alikuwa akitazama dari. Nikavua shati kuwaonesha alama. Kosa jingine! Wakasema hata wameandikiana! Zunilda kasema wote ni wendawazimu, kaenda zake jikoni na sinia.

Nimebaki peke yangu, kifua wazi, Bolo akiniuliza kama leo natotoa vifaranga. Nikashikwa na hasira ambayo sijaijua tangu ujana. Zamu yangu. Nikaichomoa sita-sita, nikaipiga. Meza ikalia! Nikapiga inayofuata. Na inayofuata! Kete ya mwisho ilikuwa inaingia ncha zote mbili za mstari, ushindi mtupu, nikaiteremsha kwa nguvu zote na mguu mmoja wa meza ukakatika. Kete zote chini.

Sheria: anayevuruga kete amepoteza. Tumetolewa raundi ya kwanza.

Nandito kaketi katikati ya kete analia na kucheka. Kanishika ule mkono, kaubusu. Kasema kiti ni changu hadi tuzikwe, na Bolo anunue meza. Nimelia na mimi. Naandika ukweli.

Jumatatu, 10 Juni

Kliniki. Nimemsimulia Yokasta. Kauliza, zile kete za mwisho nani alikugusa? Hakuna, nimesema, Zunilda alikuwa jikoni. Kapiga makofi, kanikumbatia. "Umeona, baba? Umeona?"

Nimeona. Nilirudi kwa Nandito nikapima: kutoka kiti changu hadi jikoni ni hatua kumi na moja. Kidole gumba cha Zunilda kinafanya kazi kwa hatua kumi na moja! Kupitia ukutani! Na Yokasta, mtaalamu mzima, bado anahitaji kugusa.

Sasa lazima nijue mwisho wake ni wapi. Nimemwomba Zunilda aende kwa dada yake, mjini Azua, kila siku saa kumi abonyeze hewa, nami huku nishike kete. Kakubali hata kabla sijamaliza kueleza. Kafungasha masanduku mawili. Kasema siku moja haitoshi, atakaa mwezi mzima, ili kipimo kiwe cha haki.

Kaondoka akiimba. Wangapi wana mke anayependa utafiti kiasi hiki?