Wafyeka Nyasi wa Nijumado

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu Hamano, wiki sita! Wiki sita hujakanyaga hapa. Daftari ulinipa wewe. Ukaniambia niandike kila siku, nawe utakuja kila Jumatano kusahihisha. Nimeandika. Nani kasahihisha? Paka. Kisa umekwenda Sapporo kulea mjukuu. Mjukuu mmoja, wiki sita? Mimi nililea wadogo zangu watano huku natumbua samaki ufukweni, ndiyo maana shule niliiona kwa nje tu. Herufi nimezijua kwako, nina miaka sabini na sita. Kwa hiyo makosa ukiyakuta humu ni yako.

Na habari umeikosa. Basi isome.

Ni ya Kureha, mjukuu wangu. Unakumbuka yeye na Shogo, mtoto wa mtengeneza tofu ya soya, wana kundi lao la muziki, Nijumado. Wawili tu, kama jina lenyewe, dirisha la vioo viwili la nyumba za nchi ya theluji. Kureha anapiga gitaa la umeme na kuimba. Shogo anabonyeza vitufe, mashine inapiga ngoma. Miaka tisa. Walianzia chumba cha juu hapa kwangu, vikombe vyangu vikicheza kabatini. Santuri tatu wametoa wenyewe. Wamepiga Aomori, wamepiga Sendai, wamelala garini kama magunia ya viazi. Mara ya mwisho hapa Otaru walikuja watu kumi na mmoja. Mimi na baba yake Shogo tumo katika hao.

Leo simu kutoka Tokyo. Bwana Kuze wa kampuni ya santuri atakuja kuwasikiliza Jumapili tarehe 16, saa nane mchana, kwenye ghala la zamani la samaki. Muziki kaupenda. Lakini kauliza: kundi ambalo mji wake wenyewe hauji kulisikiliza, yeye ampelekee nani?

Kureha kaniambia haya huku anakunja nyaya. Wamekwisha kubaliana na Shogo. Hii ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, Shogo anashika tofu ya baba yake, na yeye anakwenda Hakodate kwa shangazi yake kupokea wagonjwa wa meno. Miaka tisa, halafu meno!

Nikamwambia watu watakuja. Akanitazama. Akasema, Bibi, nakuomba, usifanye kitu chochote. Nikasema sifanyi.

Jumatano, 5 Juni

Nimefanya kidogo. Nimepika maandazi ya mvuke ya maharage matamu, nikapita nyumba ishirini, kila nyumba maandazi mawili na habari ya tarehe 16. Maandazi yamepokelewa kwa mikono miwili. Kuhusu muziki, kila mmoja kasema atafikiria. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Onodera, kasema atafikiria sana.

Unaijua "nitafikiria" ya mtaa huu. Ni hapana iliyovaa soksi safi.

Jirani yangu Tomie hakusema hata hiyo. Yeye ana kile kikundi chake cha kina mama waimbaji, thelathini, akikohoa wanakohoa. Nikamwomba awalete. Kasema mara ya mwisho vijana wangu walipofanya mazoezi, figili zake za achari za pipani zilichacha wiki mbili kabla ya wakati. Nikamwambia figili zake zimechacha tangu alipoolewa. Tukaachana hapo. Maandazi yake mawili nimerudi nayo, nimeyala mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimebadili njia. Leo kwenye bafu la mtaa, wanawake tumejaa majini hadi shingoni, nikasema kama mtu anayejisemea, eti tarehe 16 atakuja mwimbaji mkubwa wa televisheni. Vichwa vikageuka. Wameingia!

Halafu Tomie akauliza kutoka pembeni, mwimbaji gani. Sikuwa nimefika huko. Nikasema yule mrefu. Tomie akauliza mrefu yupi, Fusae, maana wewe kila mtu kwako ni mrefu. Bafu zima likacheka, maji yakapiga kuta. Nikajidai nimezidiwa na joto, nikatoka.

Ijumaa, 7 Juni

Bahati imekuja mlangoni, Mwalimu, kwa miguu yake.

Ubao wa taarifa umetoka kwa Onodera. Ule unaopita nyumba kwa nyumba, unasoma, unapiga mhuri, unampa jirani. Mlango unaofuata wa Onodera ni wangu, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza. Na taarifa yenyewe: kufyeka nyasi za kingo za mto, Jumapili tarehe 23, saa mbili asubuhi. Kila nyumba mtu mmoja. Asiyeweza atoe udhuru kwa mwenyekiti, kwa mdomo wake.

Nyumba sitini na nne. Kila nyumba mtu mmoja. Kufyeka nyasi hakuna anayesema atafikiria.

Nimekata kipande cha karatasi nyeupe, nikaandika vizuri, namba zangu ulizisifu mwenyewe. Tarehe 16. Saa nane mchana. Mkusanyike ghala la zamani la samaki. Nikabandika kwa wali uliopondwa juu ya maneno ya Onodera. Huoni hata mshono. Nikapiga mhuri wangu, nikampelekea Tomie. Kapiga wake bila kutazama, kaniambia nisimame mbali na figili.

Alhamisi, 13 Juni

Siku sita silali vizuri. Mtu mmoja akienda kwa Onodera kutoa udhuru, nimekwisha. Hakuna aliyekwenda. Katika mtaa huu udhuru unaokubalika ni msiba tu, tena aliyekufa awe wewe.

Leo ubao umerudi. Onodera kahesabu mihuri, sitini na nne, karidhika, kautundika. Karatasi hakuisoma. Kwa nini aisome, si kaiandika mwenyewe?

Kureha hali chakula. Shogo kaleta tofu ya baba yake, akasema pengine watu ishirini watafika. Kureha akasema kumi na tano. Nikawaambia wapange mikeka mingi. Kureha akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimesali.

Jumapili, 16 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane kasoro robo, Bwana Kuze kaingia ghalani. Kijana wa miaka hamsini, viatu vyembamba. Kakaa nyuma. Watu ndani: mimi, baba yake Shogo, mbwa wa bandarini.

Saa nane kasoro kumi wakaanza kuja. Mabuti ya mpira. Taulo shingoni. Kofia za jua. Kila mmoja na mundu wake, na mifuko ya taka, na wazee watatu na mashine za kufyeka begani. Wakavua mabuti mlangoni, wakayapanga safu, wakaweka miundu kando ya mabuti, wakaketi kwenye mikeka magoti pamoja. Watu sitini na mmoja! Wanangoja kuitwa majina. Hakuna aliyeuliza mbona nyasi hazipo. Kila mmoja alingoja mwenzake aulize.

Kureha alipotoka na gitaa akasimama kama kamwagiwa maji ya baridi. Akaitazama miundu. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Wakapiga. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, mzee mmoja katoa chai yake ya shayiri. Nyuma nikamsikia Bwana Kuze anamnong'oneza mzee Kakizaki, eti anaupenda wimbo upi. Kakizaki akamjibu kwa sauti yake ya kiziwi kwamba yeye kaja kwa nyasi. Ghala zima limesikia. Shogo kasikia. Vidole vyake vikateleza, mashine ikapiga ngoma mbili ambazo hazikuwamo.

Hapo akaingia Onodera, na kandambili, na nusu ya ndevu kanyolewa. Mtu alikuwa kamfuata kwa kinyozi. Akapanda jukwaani, akaomba radhi kwa wote, akasema kuna mtu kachezea ubao. Hakuniangalia. Hakuwa na haja. Akasema kufyeka ni tarehe 23, saa mbili asubuhi, mtoni, kama ilivyokuwa. Wote wako huru kwenda nyumbani.

Mwalimu, nimeona njaa, nimeona tetemeko la ardhi, nimemzika mume. Saa mbaya kama ile sijapata kuiona. Watu wakaanza kuinuka. Kumi. Kumi na tano. Kureha kateremsha gitaa. Alikuwa kafumba macho. Miaka tisa inavaa mabuti, inaondoka.

Halafu Tomie. Tomie! Alikuwa kakaa safu ya pili, taulo kichwani. Akasema, bila kuinuka, kwamba yeye mabuti kashayavua, na kwa magoti yake kuyavua ni kazi ya robo saa, basi hayavai tena bila kitu. Akamwambia Kureha, wewe mtoto, hebu piga ule wa kwanza tena, nilikuwa natafuta miwani.

Kina mama wake wote wakaketi. Wenzao wakaketi. Walioondoka ni kumi na tisa. Waliobaki arubaini na wawili, na safari hii hakuna aliyewalazimisha.

Kureha akapiga. Sijui kusema alivyopiga. Mzee Kakizaki alikuwa anapiga goti lake, nje ya mdundo kabisa.

Bwana Kuze kaondoka na treni ya jioni. Kasema atapiga simu Alhamisi.

Jumatatu, 17 Juni

Onodera kaja saa moja asubuhi, ndevu kanyolewa zote. Hukumu: nipite nyumba nyingine zote sitini na tatu, niiname, niombe radhi, na boksi la keki kila mlango. Kureha na Shogo waje nami, maana ni kwa ajili yao.

Kabla ya kutoka Kureha akaniketisha mbele ya picha ya babu yake, ubani unawaka. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akasema, Bibi, kama wale watu wangeondoka wote jana, kilichobaki kwetu kingekuwa nini? Tungekuwa kichekesho cha mtaa. Miaka tisa tunaomba mtu mmoja atusikilize kwa hiari yake, wewe ukatuletea sitini kwa udanganyifu. Akalia kidogo. Nami nikalia, najua kukosa nikikosa. Nikaapa mbele ya mume wangu: sitaingiza tena mkono katika Nijumado.

Tukapita. Kuinama mara sitini na zaidi, mgongo wangu ni mundu. Lakini sikiliza. Mlango wa tisa, mwanamke kapokea keki, akamuuliza Shogo wataimba lini tena. Mlango wa ishirini, kijana kaomba santuri. Kakizaki kasema zile ngoma mbili za mwisho za wimbo wa pili ndizo nzuri kuliko zote. Shogo hakumwambia kwamba zilikuwa makosa.

Tomie kanifanya niiname mara mbili, kasema ya kwanza haikufika chini. Halafu akamwomba Kureha amwandikie maneno ya wimbo wa tatu kwa ajili ya kina mama wake. Nikamshukuru kwa jana. Kasema hakufanya kwa ajili yangu, mtoto anaimba vizuri, sijui karithi wapi.

Nimempa maboksi mawili.

Alhamisi, 20 Juni

Simu imelia saa tano. Kureha kashika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa jikoni, nimefunga bomba nisikie.

Bwana Kuze kasema alijua tangu mabuti ya kwanza. Kwao Akita mama yake alikuwa anamtoa kitandani kwenda kufyeka, na aliapa hatapanga tena mstari na mundu maisha yake yote. Watu waliolazimishwa kukaa kaona wengi, kazini kwake ndio kawaida. Watu walioachiwa waende wakarudi kuketi, hao kaona Jumapili tu. Watatoa santuri. Kisha Sapporo, Sendai, Tokyo. Anakuja hapa Jumatano ijayo na karatasi za kutia saini.

Kureha kakaa chini sakafuni. Shogo kakimbia hadi kwa baba yake bila viatu. Mzee kasema tofu inaweza kungoja, imengoja miaka tisa, yeye bado ana mikono. Jioni tumekula wote hapa, samaki wa kuchoma, na Tomie kaja na figili zake. Zimechacha.

Kiapo changu nakishika. Sitaingiza mkono katika Nijumado. Lakini karatasi si muziki, karatasi ni biashara, na mume wangu pale kwenye picha hakusikia neno biashara. Mtu wa Tokyo akiona hana mshindani, atawapa vijana wangu ukurasa mmoja na kalamu mbovu. Akimkuta mwingine kakaa mezani, atanyooka.

Kwa hiyo Mwalimu, daftari hili nakutumia kesho kwa posta. Mwache huyo mtoto na mama yake, uje Jumatano saa nne kamili. Vaa suti nyeusi, viatu vya kisigino na miwani myeusi, Kureha asikutambue. Pitia mlango wa mbele, Kureha akifungua sema umetoka kampuni ya santuri ya Osaka na umesikia habari za vijana. Ongea Kiosaka, na kama hukiwezi, ongea kwa haraka tu. Na ukiniona, usinijue.