Uzinduzi wa Makumbusho Yenye Paa Shirikishi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye hakufika, Mheshimiwa Mwakilishi wake ambaye yuko njiani tangu jana, mashehe wetu, mapadri wetu, viongozi wa bodaboda wa Kilwa Masoko, wageni kutoka Kitomanga mlioambiwa kuna pilau, mabibi na mabwana: mimi, Eusebio Likwata, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Urithi, nawasalimu. (Makofi. Mtu anaulizia pilau.)

Leo, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana wilaya nzima, nazindua jengo la kihistoria la Makumbusho ya Sanaa, ambalo dizaini yake niliifuata mwenyewe Ulaya kwa ziara ya mafunzo nikiwa na mke wangu, ambaye ni mdau. (Vigelegele kutoka kwa mdau.) Tazameni nguzo ile iliyoinama: huo ni mtindo wa Kirumi uliochoka. Kile kishimo ukutani ni Gothiki ya awali.

(Bi Fauzia, mama wa makamo ya juu, anasimama: "Hicho kidaka changu, mwanangu. Nilikuwa naweka taa ya chemli.")

Shikamoo mama, maoni yako tumeyapokea. Juu mnaona mbingu, na huo ndio mtindo wa kisasa wa paa shirikishi, unaopunguza gharama za bati kwa asilimia mia moja na kumi. (Makofi.)

Wapo wanaonong'ona kwamba hili ni gofu. Nami nauliza, watalii wanavuka maji kwenda Kisiwani kutazama nini kama si magofu? Watu wa kale walipoteza muda, wakajenga kwanza, ndipo wakasubiri karne nzima jengo libomoke. Sisi, kwa konsepti ya kasi, tumeruka hatua ya kujenga. Tuliahidi sanaa ya tingatinga, na tingatinga lilikuja, likamaliza kazi kabla ya adhana ya adhuhuri.

("Na nyumba mliyosema mtanijengea?" anauliza Bi Fauzia. "Nalala barazani kwa shemeji, Milola.")

Swali zuri, la kitaalamu. Urithi oyee! (Oyee.) Gofu oyee! (Mdau peke yake: Oyee.)

Nihitimishe kwa kumshukuru mama huyuhuyu. Kwa kuwa fungu lote liliishia kwenye ziara, makumbusho hayakujengwa wala hayatajengwa, na jengo mnalolitazama ni nyumba yake. Mlango wake wa nakshi uko salama, ndio hii meza kuu tutakayolia pilau. Kwa mchango huo, kamati imeridhia Bi Fauzia aingie humu kwa nusu kiingilio, akija na kitambulisho.