Mabuti ya Petro Yavunja Ngome ya Geti

Zimeni redio, enyi wakulima wa korosho, kuanzia Mpapura hadi ukingo wa Ruvuma, nanyi mnaotafuna, mezeni kwanza, niwasimulie vita visivyomwaga damu, ila jasho la nyayo.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kugawa salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Mikorosho ya mama yake Anabela ilikuwa imechanua, na ule ugonjwa mweupe kama unga ulikwishaanza kuyala maua. Bila salfa, msimu umekufa. Ndipo Anabela binti Alberto, Mwenye Sauti Ndogo, alipofika mbele ya geti la ofisi inayogawa salfa na kulikuta bango: KANDAMBILI MARUFUKU. Chini yake alisimama Isaya mlinzi, Simba wa Filimbi.

"Afande, salfa inakwisha."

"Hata ikinyesha kama mvua, dada, kwa kandambili hupiti. Hapa mimi si Isaya. Mimi ni bango!"

Foleni nzima ilivaa kandambili. Silaha yao ilikuwa moja tu, mabuti ya mvua ya mkulima mwenzao Petro, ambayo tangu asubuhi yalivaliwa na kila aliyefikiwa na zamu. Sasa yalikuwa ndani, miguuni mwa Petro mwenyewe, naye anapiga soga na karani ilhali dirisha li karibu kufungwa.

Anabela, ambaye hakuwahi kufokea hata kuku, alijaza kifua pumzi, akanguruma:

"Kaka Petro! Vua!"

Mabuti yakaruka ukuta kama tai wawili wenye matope. Moja likatua mbele ya Isaya. Akaliokota, akalinusa, akajuta.

"Haya mabuti nimeyapitisha asubuhi nzima!"

"Bango linasema yawe ya nani?"

Isaya akalisoma bango kutoka juu hadi chini, akarudi tena juu.

"Halisemi."

"Basi, afande?"

"Basi pita, unanichosha."

Akapita, mabuti yamemfika magotini, ua wote ukatetemeka. Akarudi na mfuko wa salfa kichwani, kina mama wakapiga vigelegele.

"Na mimi natokaje peku?" alilia Petro mlangoni.

"Kutoka hakujaandikwa," akasema Isaya.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: siku ile Sheria ilisimama wima, haikupinda hata kidogo, na Anabela akapita chini ya kwapa lake na salfa ya mama yake.